Kasri la Disneyland Paris: Jinsi ya Kulitembelea Bila Kupita Juu ya Joka Lake

Mara yangu ya kwanza kufika Disneyland Paris nililipita kasri mara tatu. Asubuhi nililipita nikikimbilia foleni, mchana nikalipita nikitafuta choo, jioni nikalipita nikitafuta njia ya kutokea. Nilipiga picha kama mia hivi, zote kutoka mbele, zote zinafanana. Wiki moja baadaye mtu akaniuliza, "Na joka uliliona?" Joka gani? Kumbe mara zote tatu nilikuwa nikitembea juu ya kichwa chake.

Nimerudi tangu siku hiyo, safari ya pili na dada yangu pamoja na mwanawe wa miaka 6, nikiwa na mpango nilioandika kwenye karatasi. Mpango wenyewe ndio huu, na nimeshaondoa humo yale tuliyokosea. Watu hulichukulia kasri hili kama ukuta wa kupigia picha, kumbe lina ghorofani, lina ndani na lina chini, na kote huko huingii kwa tiketi ya ziada na mara nyingi husimami kwenye foleni. Katika bustani ya burudani ambayo mchezo wa dakika tatu unaweza kukugharimu saa nzima ya kusimama, hiyo ni bahati ya kuokota njiani.

Kabla ya yote: jua unachokwenda kukiona

Kasri liko Chessy, katika eneo la Marne-la-Vallée, kilomita 32 hivi mashariki ya katikati ya jiji la Paris. Lilifunguliwa pamoja na bustani yenyewe tarehe 12 Aprili 1992. Kwa Kifaransa linaitwa Le Château de la Belle au Bois Dormant, yaani Kasri la Mrembo Aliyelala, yule binti mfalme aliyejichoma kidole kwenye pia ya kusokotea nyuzi akalala usingizi wa miaka. Hadithi hiyo ina mizizi hapohapo Ufaransa: Charles Perrault aliichapisha kwenye mkusanyo wake wa mwaka 1697.

Waliolibuni walikuwa na kazi ngumu. Kule California, kasri la kwanza la Disney, lililofunguliwa mwaka 1955, liliigizwa kutoka Neuschwanstein, kasri la Mfalme Ludwig wa Pili huko Bavaria, Ujerumani. Wamarekani walilipenda, maana kwao kasri ni kitu cha kwenye vitabu. Lakini Wafaransa wana makasri ya kweli kila upande, hasa kwenye bonde la mto Loire. Kuwajengea la kuigiza ni kama kumuuzia mvuvi samaki. Kwa hiyo Tom Morris, aliyesimamia ubunifu wa kasri, na Tony Baxter, aliyeongoza ubunifu wa bustani nzima, waliamua kutoshindana na ukweli. Walichota kwenye michoro ya vitabu vya kale vya karne ya 15, na kwenye Mont-Saint-Michel, kile kisiwa cha mwamba cha Ufaransa chenye abasia, yaani nyumba ya watawa, kileleni. Ndiyo maana kasri hili halikukaa uwandani. Limepanda juu ya jiwe, minara yake myembamba imebanana na kurefuka kama mishumaa. Ndiyo maana pia miti iliyo kandokando yake imekatwa ikawa ya mraba. Hiyo si kazi ya mtunza bustani mwenye wazimu, ni miti ya kwenye filamu ya Disney ya mwaka 1959 iliyotolewa kwenye karatasi na kupandwa ardhini.

Na ile rangi ya waridi? Anga ya kaskazini mwa Ufaransa ni ya kijivu siku nyingi za mwaka. Kasri jeupe au la kijivu lingemezwa na mawingu. La waridi linaonekana hata siku ya manyunyu.

Hatua ya 1: Chagua siku, kisha tiketi

Tiketi za kawaida huuzwa kwa tarehe na bei hupanda na kushuka kulingana na siku. Nunua mapema kwenye tovuti rasmi. Watoto wasiofika miaka 3 huingia bure. Wa miaka 3 hadi 11 wana bei yao. Kuanzia miaka 12 mtu analipa kama mtu mzima.

Kuna bustani mbili zilizopakana. Kasri liko kwenye ile ya kwanza, ya mwaka 1992. Ya pili ilifunguliwa mwaka 2002 na haina kasri hili. Naisema hivi wazi kwa sababu tiketi ya siku moja na bustani moja huchaguliwa bustani gani, na si jambo zuri kugundua ukiwa getini kwamba kasri liko ng'ambo ya ukuta.

Ukiweza, kwepa wikendi na likizo za shule za Ufaransa: Februari, Aprili, Julai na Agosti, mwisho wa Oktoba, na Krismasi. Jumatano nayo ina ujanja wake, kwani watoto wengi wa shule za msingi nchini humo hawasomi siku hiyo. Mimi nasimama na Jumanne ya Machi au ya Novemba, hata kama kuna baridi. Baridi unaivalia koti, msongamano huna la kuuvalia.

Jambo jingine la msimu, na hili watu hulisahau: giza. Onyesho la usiku kwenye kasri linahitaji giza, na mwezi Juni jua la huko huzama karibu saa 4 usiku. Mwezi Desemba linazama kabla ya saa 11 jioni. Ukiwa na mtoto mdogo, majira ya baridi yanakupa onyesho mapema, mtoto akiwa bado macho. Kiangazi kinakupa siku ndefu na mtoto anayelala begani mwako wakati fataki zinalia.

Hapa nikukumbushe mahesabu ya saa. Ratiba zote huko zimeandikwa kwa saa ya Kizungu ya tarakimu 24. 9:30 ni saa tatu na nusu asubuhi, 22:00 ni saa nne usiku. Ukiwa umechoka, ukaisoma 9:30 kama saa tisa na nusu, utafika bustanini wenzako wakijiandaa kwa chakula cha jioni.

Hatua ya 2: Fika kwa treni

Kutoka katikati ya Paris panda RER A, treni ya mjini yenye alama nyekundu, mpaka kituo cha mwisho: Marne-la-Vallée – Chessy. Kutoka Châtelet – Les Halles ni dakika 40 hivi. Angalia ubao kabla hujapanda, kwa sababu njia hiyo hugawanyika baada ya Vincennes: tawi moja linakwenda Chessy, jingine Boissy-Saint-Léger. Nyingine huishia njiani, mfano Torcy. Ubao huonyesha vituo vyote ambavyo treni itasimama. Kama huoni Chessy, subiri inayofuata.

Tangu Januari 2025 nauli ya treni na metro ni moja kwa mkoa wote wa Paris, ilianza kwa euro 2.50, kwa hiyo ule usumbufu wa kuhesabu kanda umekwisha. Tiketi ya kwenda au kutoka uwanja wa ndege ni nyingine, na ni ghali zaidi. Kadi ya Navigo Easy inajazwa safari na kuguswa kwenye mashine. Kila msafiri awe na yake, maana kadi moja haiwezi kuwapitisha watu wawili. Sisi tulijaribu. Dada yangu alibaki upande wa pili wa geti akinitazama kama mtu aliyetelekezwa bandarini.

Ukishukia uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle na huna shida ya kuonana na Paris kwanza, kuna treni ya kasi, TGV, inayofika kituo hichohicho cha Chessy kwa dakika kama 10. Haipo kila mara na inahitaji kukatiwa tiketi mapema, lakini kwa mwenye masanduku ni nafuu kubwa.

Ukitoka kituoni umeshafika. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na katikati kuna ukaguzi wa mabegi kwa mashine, kama wa uwanja wa ndege. Chupa za kioo ziache. Ile fimbo ya kujipigia picha iache pia, hairuhusiwi. Chupa ya plastiki au ya chuma ichukue, utaijaza bure kwenye mabomba ya maji ya kunywa yaliyomo ndani.

Hatua ya 3: Usidanganywe na jengo la kwanza la waridi

Jengo kubwa la waridi unaloliona mwanzo kabisa, lenye mapaa mekundu na saa mbele, ni hoteli. Mageti ya kuingilia yako chini yake. Mpwa wangu alipoliona alipiga kelele "Kasri!" na kuanza kukimbia, ikabidi tumweleze kwamba bado. Hakufurahi. Mwandae mwanao mapema: la kwanza ni la kulala wageni, la pili ndilo la binti mfalme.

Jipange uwe getini nusu saa kabla ya muda wa kufungua. Wageni waliolala kwenye hoteli za Disney huruhusiwa kuingia mapema, kwa hiyo usishangae kukuta watu wameshatangulia.

Ukivuka mageti unaingia barabara moja iliyonyooka, Main Street, yenye maduka pande zote mbili, na mwisho wake ndiyo hilo kasri. Hapo ndipo umati wote hukimbia. Wewe usikimbie. Simama mwanzoni mwa barabara uliangalie kwa mbali, kisha tembea taratibu katikati, uone linavyokua. Urefu wake ni karibu mita 50, lakini ukiwa mwanzo wa barabara utaapa ni zaidi. Ni hila ya macho: vipimo vya mawe na madirisha hupungua kadiri unavyopanda juu, na jicho, lililozoea kwamba vitu vidogo viko mbali, linajidanganya lenyewe.

Hatua ya 4: Picha za nje ni asubuhi

Uso wa kasri unatazama kusini-mashariki. Maana yake, jua la asubuhi linalipiga usoni na rangi ya waridi inawaka vizuri. Kuanzia alasiri jua huhamia nyuma ya minara, na picha ya mbele inakuwa ya kivuli: anga nyeupe, kasri jeusi, na nyuso zenu hazionekani. Kwa hiyo picha ya familia ipige mara tu ukifika. Jioni rudi kwa ajili ya ile picha nyingine, ya minara myeusi mbele ya machweo.

Usisimame palepale wanaposimama wote, katikati ya uwanja. Sogea kushoto au kulia, karibu na maji yanayolizunguka kasri. Kutoka pembeni unaona mwamba, daraja na miti ya mraba kwa pamoja, na hakuna mtu usiyemjua anayepita katikati ya picha yako akila aiskrimu.

Kabla hujaingia, inua macho kwenye mapaa ya minara. Watafute konokono wa dhahabu. Wapo kweli, wanapanda paa. Waliobuni waliona kwamba kasri la Ufaransa lisilo na konokono halijakamilika, kwani Wafaransa huwala. Ni utani mdogo uliowekwa mahali pa juu ambapo watu elfu hupita chini yake kwa saa bila kuuona. Mpwa wangu ndiye aliyewaona wa kwanza, sisi wawili tukiwa tumeinama kwenye simu.

Hatua ya 5: Panda ghorofani

Vuka daraja, ingia chini ya lango. Hapo ndipo wengi hunyoosha moja kwa moja mpaka upande wa pili. Wewe simama. Tazama nguzo: zimechongwa kama mashina ya miti, na matawi yake yanasambaa darini. Ni kama mwitu umeingia ndani ya nyumba, na kwenye hadithi ndivyo inavyokuwa, mwitu huota ukalifunika kasri wakati wote wamelala.

Kisha tafuta ngazi. Juu kuna roshani na ukumbi mwembamba unaosimulia hadithi ya Mrembo Aliyelala kwa mazulia ya ukutani, vitabu vikubwa vilivyofunuliwa na vioo vya rangi. Kilichonishika mimi ni vioo. Jua likiwa zuri, rangi zake zinamwagika sakafuni, nyekundu na buluu, na watoto wanazirukaruka. Lipo dirisha la mviringo lenye ua la waridi. Kaa mbele yake dakika nzima bila kuondoka, kwa sababu picha yake hubadilika, na mwenye haraka hatajua.

Wako pia walinzi waliovaa deraya, wamesimama wima. Wakaribie, utege sikio. Wanakoroma. Kwenye hadithi, laana ilimlaza binti, na watu wote wa nyumba wakalazwa pamoja naye, walinzi wakiwemo, na hawa hawajaamka mpaka leo. Mpwa wangu alimgonga mmoja wao kwenye goti, kwa adabu, akamwambia, "Samahani, kuna joka chini." Akasubiri. Mlinzi akaendelea kukoroma.

Toka pia kwenye roshani ya nje upande wa nyuma. Unaona Fantasyland, sehemu ya bustani iliyo nyuma ya kasri, yote kutoka juu: bembea ya farasi inayozunguka, mapaa ya vijumba, na zile foleni ambazo wewe humo. Mimi nilikaa hapo robo saa, na watu waliopita hawakufika kumi.

Kigari cha mtoto hakitapanda ngazi. Kiache chini, ila chukua pochi na simu. Mwenye magoti mabovu au kiti cha magurudumu awaulize wahudumu njia inayomfaa kabla ya kuanza kupanda.

Hatua ya 6: Shuka kwa joka

Sasa lile nililolikosa.

Pango linaitwa La Tanière du Dragon, tundu la joka. Kuna njia mbili za kuliendea. Ya kwanza iko nje, upande wa kushoto wa kasri ukiwa umelitazama kwa mbele: kuna njia inayoshuka kama inayokwenda chini ya mwamba, haina mbwembwe, na ukiiona utadhani ni ya wafanyakazi. Ya pili iko ndani, kwenye duka linaloitwa Merlin l'Enchanteur, ambalo lina ngazi zinazotelemka. Kama una mtoto, nakushauri njia ya nje kwa kushukia, maana giza linaongezeka polepole na macho yanazoea. Njia ya dukani itumie kwa kutokea, lakini ujiandae kumpitisha mtoto katikati ya rafu za vioo vya kuuza. Mkono mfukoni, mwana.

Chini kuna giza, ubaridi na harufu ya maji. Sakafu mahali pengine ina umajimaji, vaa viatu visivyoteleza. Mwanzoni unaona mwamba tu na kidimbwi. Halafu jicho likizoea unagundua kwamba sehemu ya mwamba ina magamba.

Joka lina urefu wa zaidi ya mita 20, kutoka puani hadi mkiani, na limefungwa mnyororo shingoni. Ni mashine, bila shaka, moja ya mashine kubwa za namna yake wakati bustani inafunguliwa. Lakini hilo utalikumbuka baadaye. Kwanza linalala, na unasikia pumzi: nzito, ndefu, kama ya ng'ombe aliyeshiba. Kisha mkia unasogea majini. Kisha jicho linafunguka, la rangi ya moto. Kichwa kinainuka, mnyororo unalia, moshi unatoka puani, na ngurumo inapita kwenye mawe mpaka unaihisi kwenye nyayo. Baada ya hapo linachoka, linashusha kichwa, linalala tena.

Kosa la wengi ni kuingia, kulikuta limelala, kupiga picha moja ya giza na kutoka. Subiri. Mzunguko si mrefu, dakika chache tu, na ukiuona mzima ndipo umeliona. Usitumie mwanga wa kamera. Unachomulika ni ukuta, na unawaharibia wengine giza lao. Kuna daraja dogo la kuliangalia kwa juu kidogo, na pale ndipo pazuri kwa mtoto, maana anakuwa mbali kiasi cha kujisikia salama.

Kuhusu hofu: usimlazimishe. Mtoto wa chini ya miaka 4 anaweza kulia, na mlio wake humo pangoni hurudi mara tatu. Anza kwa kumsimulia huko nje kwamba kuna joka, limefungwa mnyororo, halitoki. Huyu wetu aliyekuwa shujaa mbele ya mlinzi aliyelala, alipofika pangoni alijificha nyuma ya koti la mama yake. Ngurumo ya kwanza alifumba macho. Ya pili akachungulia. Joka lilipoanza kushusha kichwa kulala, akatoa uso nje ya koti na kusema kwa sauti ndogo sana, "Shikamoo."

Tulirudi kwa joka mara nne siku ile. Yeye ndiye aliyetaka.

Hatua ya 7: Nyuma ya kasri, na mambo madogo

Ukitokea upande wa Fantasyland, utaliona jiwe lenye upanga uliochomekwa, karibu na bembea ya farasi ya Lancelot. Vuta, kila mtu anavuta. Haujang'oka.

Geuka uliangalie kasri kutoka nyuma. Watu hawalipigi picha upande huu, nami naona ndio wenye utulivu zaidi.

Chakula: kula kabla ya saa 6 mchana au baada ya saa 8. Basi.

Mvua: itanyesha, ama asubuhi ama jioni. Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli, kwa sababu mwavuli kwenye umati unachoma watu macho, na wakati wa onyesho utaambiwa uufunge na walio nyuma yako, tena bila upole. Mvua ikizidi, ndipo mahali pa kwenda ni ghorofani na pangoni. Vyote vina paa.

Simu: pakua programu rasmi ya bustani kabla hujafika. Inaonyesha muda wa foleni na ratiba za maonyesho ya siku hiyo. Inakula chaji, beba pawabenki.

Hatua ya 8: Onyesho la usiku

Usiku, kwa kawaida bustani inapokaribia kufungwa, kasri linageuka kuwa kitambaa cha sinema. Picha za mwanga zinatupwa ukutani, chemchemi za maji zinaruka, fataki zinalipuka nyuma ya minara, na kwa miaka ya karibuni kuna droni zinazochora maumbo angani. Upepo ukiwa mkali droni huweza zisiruke, kwa hiyo usimwahidi mtoto.

Swali ni kusimama wapi. Watu huanza kukaa chini mbele ya kasri saa nzima kabla, wengine zaidi. Ukikaa mbele kabisa unaona picha za ukutani vizuri lakini shingo inauma na droni zinakuwa juu ya utosi. Mahali ninapopapenda ni nyuma kidogo ya katikati ya uwanja, pale Main Street inapokutana na duara, kwenye mstari ulionyooka na lango la kasri. Mstari huo ni muhimu kuliko ukaribu. Ukienda pembeni sana, picha za ukutani zinapinda na mti unakuziba.

Tulipofanya kosa ni kwenye kukaa. Tulikaa chini raha mustarehe na biskuti zetu, taa zikazima, na watu wote wa mbele yetu wakasimama kwa pamoja. Na wale wenye watoto wakawapandisha mabegani. Mimi nikaona onyesho lote kupitia mapajani mwa mtoto wa mtu. Kwa hiyo usikae nyuma ya familia yenye watoto wadogo ukidhani wataendelea kuwa wafupi. Kaa nyuma ya uzio wa maua au mbele ya ukingo, mahali ambapo hapana mtu wa kusimama.

Hatua ya 9: Kutoka bila kusukumwa

Onyesho likiisha, maelfu ya watu wanageuka mara moja na kuelekea njia moja. Usiingie humo. Nyuma ya maduka ya Main Street, kila upande, kuna njia ndefu iliyoezekwa inayokwenda sambamba na barabara mpaka karibu na mageti. Ukiwa umelipa kasri kisogo, ya kulia inaitwa Liberty Arcade na ya kushoto Discovery Arcade. Zilijengwa kwa ajili ya mvua, lakini usiku zinafaa kwa kukwepa umati. Ingia huko, mshike mtoto mkono, tembea.

Kama huna haraka, baki ulipo dakika 20. Uwanja unabaki mtupu, taa za kasri bado zinawaka, na unapata ile picha ambayo asubuhi ilikuwa na vichwa mia mbili ndani yake.

Angalia saa ya treni ya mwisho kabla ya kuamua hilo. RER A kwa kawaida huendelea hadi baada ya saa 6 usiku, lakini wakati wa kiangazi vipande vya njia hufungwa kwa ukarabati, na wikendi ndiyo zaidi. Tazama siku ileile, usitegemee ulichosoma mwezi uliopita.

Treni inaanzia hapohapo Chessy, kwa hiyo hata ukiikosa moja kwa sekunde, inayofuata itakuja tupu. Mabehewa ni ya ghorofa. Nendeni ya chini, karibu na mlango, kwa sababu kituo kinachofuata ni Val d'Europe, na kabla hamjafika huko mtoto atakuwa amelala na wewe ndiye utakayembeba kupanda ngazi.